Fatiha ya Gari Jeupe

Khaitan, Kuwait
Ijumaa, 9 Februari 1990

Dada Awatif,

Salamu kwanza, nyingi kadiri bahasha itakavyobeba bila kuongezwa stempu. Mimi ni mzima. Walimu wenzangu tunaokaa nao ni wazima pia, ila yule wa jiografia anakoroma mpaka tumemhamishia jikoni. Mbusu mama mkono wa kulia na wa kushoto, na umwambie dawa za presha si peremende, asiwagawie majirani. Binti yako Rabab anaendeleaje na chuo? Na yule injinia wa umeme, bado anapita chini ya dirisha lenu akijifanya anakagua nyaya?

Sasa kaa chini. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Miaka kumi na minne nimewafundisha watoto wa watu kugawanya na kuzidisha, inatosha. Shule ikifungwa Juni narudi Zagazig, na safari hii sisemi "mwakani". Na sirudi mikono mitupu. Narudi na gari, jipya, la kutoka kiwandani, viti bado vina nailoni. Mama atakaa mbele. Nitampeleka Tanta kuzuru kaburi la Sayyid Badawi mlango kwa mlango, asishikwe mkono na kondakta yeyote.

Nimeanza kuzunguka maduka ya magari. Nina kanuni zangu: sivai suti, sisemi nina fedha taslimu, na sinywi chai ya mtu kabla bei haijashuka, maana chai yao hufunga mdomo. Duka la kwanza waliniangalia viatu wakaniambia magari ya mitumba yako barabara ya nyuma. La pili walinitajia dinari elfu mbili mia nne na hamsini kwa lile la Kijapani la milango minne, kisha muuzaji akaanza kusoma gazeti. La tatu nikakutana na Mmisri mwenzetu, jina lake Musaad, mnene, miwani imefungwa kwa uzi.

"Wa wapi, mwalimu?"

"Sharqia. Zagazig."

"Aaa! Nyie mliosimamisha treni mkawakaribisha abiria wote chakula! Mkarimu kama wewe atalia kwa dinari hamsini?"

"Na wewe wa wapi?"

"Dumyat."

"Basi hata chai nisitegemee."

Alicheka mpaka akavua miwani. Chai ilikuja, dada, lakini ilikuja nilipokuwa nimeshafika mlangoni. Mtu wa Dumyat ubahili wake haumtoki hata umpeleke mwezini. Nitarudi kwake. Huyu anajua mchezo, na mimi sinunui kwa asiyejua mchezo.

Nduguyo,
Bahgat

*

Zagazig
3 Machi 1990

Mdogo wangu Bahgat,

Barua yako imefika baada ya siku kumi na tisa, imechoka kuliko postamani. Sote tunakusalimu. Rabab anasoma. Injinia bado anakagua nyaya, na mtaa mzima sasa unajua nyaya zetu ni nzima.

Nilimsomea mama barua mara mbili. Mara ya tatu alinipokonya akaishika mwenyewe, na unajua hajui hata alifu. Sasa kila anayeingia anaambiwa: "Bahgat anakuja na gari, mimi nakaa mbele." Dakta Maurice wa famasia amemuuliza atamlipisha ngapi mpaka Cairo. Mama akamjibu kwamba Wakristo watapanda bure, ila wenye famasia watalipa.

Ana maagizo mawili. Gari lisiwe jeusi. Na usikimbilie bei ya chini sana, maana rahisi huwa ghali.

Mimi nina langu moja. Nakujua tangu ukiwa unabishana na muuza karanga juu ya karanga tatu. Nunua kwa bei wanayotaja, uje. Miguu ya mama imevimba kidogo. Nasema kidogo, usianze kuhesabu. Lakini amekungoja miaka kumi na minne na hajakungoja kwa ajili ya mabati. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia hapa si lako.

Dada yako,
Awatif

*

Khaitan
Ijumaa, 13 Aprili 1990

Dada Awatif,

Ramadhani karimu kwako, kwa mama na kwa Rabab. Funga yetu si mbaya, joto bado halijatuonyesha meno. Kwa futari leo nimepika molokhia, ule mlenda wetu wa kijani. Mwenzangu wa jiografia amesema anaijua kwa sababu imeandikwa kwenye ramani ya mabwawa.

Wewe unaniambia ngoja ngoja. Na mimi nakuambia haraka haraka haina baraka. Ungeniona jana ungenipigia vigelegele. Nimekwenda kwa Musaad mara tisa tangu Februari. Jana nilichagua saa yangu vizuri: nusu saa kabla ya adhana ya magharibi. Mtu mwenye njaa hawezi kubishana sana.

"Elfu mbili mia tatu," akasema. "Hapo nalala njaa, wallahi."

"Njaa unayo tangu alfajiri, ni Ramadhani. Elfu mbili."

"Mwalimu, una watoto?"

"Sina."

"Mimi ninao watatu, wote wanakula. Mia mbili na hamsini."

Nikasimama. Nikafika mlangoni. Hakuniita. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, nacho ni kiatu kisicho na kamba. Hapo akacheka, akaniita. Tukafika elfu mbili mia moja na hamsini, na redio juu yake. Mazulia ya chini akakataa katakata: "Mazulia dinari nane. Huko siendi hata ukinichinja." Adhana ilikuwa karibu. Akanyoosha mkono, nikanyoosha wangu, tukasoma Fatiha palepale, mimi na yeye, katikati ya magari ya watu.

Kwa hiyo limekwisha. Unajua kwetu: karatasi huchanwa, risiti hupotea, lakini Fatiha ikishasomwa imesomwa, iwe ya mchumba au ya punda. Gari ni jeupe. Liko baharini, litashuka bandarini katikati ya Juni. Mwambie mama ajiandae, siku tano tu za barabara baada ya hapo.

Bahgat

*

Zagazig
5 Mei 1990

Mdogo wangu,

Idi yetu ilikuwa njema. Biskuti za kahki tulioka trei sita, mama akiwa kitini anatoa amri kama jenerali, na zako nimempa mwana wa Umm Shukri anayekuja huko. Zikifika zimevunjika, jua alizikalia.

Hongera kwa bei. Mama alipiga makofi aliposikia habari ya kiatu kisicho na kamba.

Aliteleza bafuni wiki iliyopita. Daktari amekuja. Mama ameniambia nisikuandikie kitu, kwa hiyo sikuandikii kitu. Nakuuliza tu kama mtu anayeuliza njia: hakuna ndege? Shule inafungwa lini hasa? Gari si ng'ombe, halitakufa likikaa bandarini bila wewe. Mwachie Musaad fedha, uje umwone mama, kisha urudi ulichukue. Au ivunje hiyo Fatiha, ufunge siku tatu za kafara, nami nitakufungia siku mbili kati ya hizo.

Nakuomba, Bahgat. Siombagi.

Awatif

*

Khaitan
28 Mei 1990

Dada Awatif,

Kahki zilifika unga. Tumezila kwa kijiko na zilikuwa tamu. Mwana wa Umm Shukri ana afya nzuri, uzito wake nimeuona kwenye kahki. Joto sasa limefika na wenyeji wanaondoka, kila siku uwanja wa ndege umejaa masanduku yao.

Barua yako nimeisoma. Nimekuelewa. Lakini nisikilize.

Meli imechelewa. Musaad anasema sasa ni mwisho wa Julai. Nilimgombeza, naye akaniapia kwa watoto wote watatu. Siku mbili baadaye yule wa duka la pili, msoma gazeti, alinikimbilia barabarani. Ana gari lilelile, jeupe vilevile, liko tayari, na bei ni hiyohiyo ya Musaad. Akanipa funguo mkononi. Nilikaa ndani, nikashika usukani. Kisha nikamrudishia. Nimesoma Fatiha na mtu, dada. Nikimwendesha mama Tanta kwa gari la Fatiha iliyovunjwa, tutafika?

Nilipita pia ofisi ya ndege. Nafasi ipo tarehe 4 Juni. Wanataka bei ambayo ni wizi mtupu, na hawapunguzi hata fulusi, eti bei ni ya kompyuta. Nikatoka.

Mama alianguka bafuni, basi. Watu huanguka. Nitumie kaseti ya sauti yake, dakika tano zinatosha, hata akinitukana. Nikimsikia nitatulia na nitangoja kwa amani. Ni miezi miwili tu.

Bahgat

*

Zagazig
Ijumaa, 15 Juni 1990

Mdogo wangu Bahgat,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na mtu karibu yako. Joto limekuwa kali hapa. Nimeanza kuandika mara nne tangu Jumatatu.

Jumamosi iliyopita, baada ya adhuhuri, tulisoma Fatiha nyumbani. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Viti tuliazima kwa Dakta Maurice, na alivibeba mwenyewe. Shekhe Abdel-Sami alikuja akasoma, sauti yake ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Tuliwapa watu kahawa. Rabab alilia sana, bado analia. Ningependa ungekuwepo. Kila mtu aliuliza, "Bahgat yuko wapi?" nikasema yuko njiani.

Mama hana maumivu tena, alhamdulillahi.

Kaseti sikutuma. Kinasa sauti kimeharibika.

Ukiisoma barua hii, fanya uonavyo, lakini jitunze. Sijui kuandika vizuri zaidi ya hapa.

Awatif

*

Khaitan
6 Julai 1990

Dada Awatif, mama wa bibi harusi!

Hongera, elfu moja hongera! Kwa hiyo injinia amemaliza kukagua nyaya akaingia ndani. Mwambie Rabab mjomba wake amefurahi sana, na kulia ni kawaida, mabinti wote hulia Fatiha ikisomwa, kisha wao ndio wa kwanza kuuliza tarehe ya harusi. Gari litapata kazi: nitalipamba maua nilipeleke harusini. Nashukuru pia kwamba mama amepata nafuu. Sasa ngoja yangu haina uchungu.

Habari za huku ni za ajabu kidogo. Bei zinashuka. Si kwa Musaad tu, barabara nzima ya maduka. Msoma gazeti wa duka la pili sasa anasimama mlangoni anaita watu kama muuza matikiti. Tajiri wa Musaad amekwenda Ulaya kupumzika na amebeba familia nzima, na mbwa. Hakusema atarudi lini.

Jumatano Musaad aliniita. Akanipa chai kabla sijakaa.

"Mwalimu, tajiri amepiga simu. Ameniambia niuze. Yako iwe elfu moja mia tisa."

"Mimi sijaomba kupunguziwa."

"Najua. Hujaomba."

Duka zima halikuwa na mteja. Nimebishana bei maisha yangu yote, dada, na sijawahi kuona bei inashuka peke yake. Nilikaa na ile chai mpaka ikapoa. Nilitaka kumwambia sitaki, nirudishie bei yangu. Redio inasema Kuwait na Iraq zinajadiliana habari za mafuta na mipaka, na watu wanasema maneno tu, ndugu hawapigani.

Gari limeshuka. Liko ghala la bandari, karatasi zinakamilishwa. Nitakabidhiwa Alhamisi, tarehe 2 Agosti, asubuhi. Ijumaa nasali, Jumamosi nashika njia.

Bahgat

*

[Barua hii ilirudi Zagazig tarehe 30 Agosti, haijafunguliwa. Juu yake palipigwa mhuri: Huduma ya posta kwenda huko imesimama.]

Zagazig
21 Julai 1990

Bahgat,

Leo sina salamu. Niwie radhi.

Hakuna mchumba. Rabab hajaposwa na mtu. Fatiha tuliyosoma ilikuwa ya mama. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Juni, saa tatu asubuhi, akiwa na akili zake. Tulimzika siku ileile.

Ilikuwa figo tangu Februari. Wakati nakuandikia miguu imevimba kidogo, ilikuwa haiingii katika kiatu chochote. Aliniapisha nisikwambie: "Usimkatie mtoto kazi yake, aje na gari lake, afurahi." Halafu alipokufa nikasema, mtu wa ughaibuni hapewi msiba kwa karatasi, peke yake, chumbani na watu wanaokoroma. Nikaandika ile barua ya nusunusu, nikasema ataelewa mwenyewe taratibu. Wewe ukaniletea hongera. Niliisoma hongera yako nikiwa nimevaa nyeusi, nikaiweka chini ya mto, nikasema basi, acha afurahi mpaka aje. Hukuuliza tena ile kaseti, nami nikashukuru.

Lakini sasa redio inasema mambo, na ile bei iliyoshuka peke yake imeninyima raha. Wasemavyo, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha kifo chenyewe, na naogopa kitakachoniumbua.

Hakuna mtu wa kukaa mbele, Bahgat. Kwa hiyo huna haja ya gari. Ukipata barua hii, usingoje tarehe mbili wala tatu. Panda chochote kinachotoka huko leo hii. Nitukane ukifika.

Awatif

*

Mpaka wa Jordan, jangwani
2 Septemba 1990

Dada Awatif,

Mimi ni mzima. Naandika haya kwanza kwa sababu najua macho yako yatakimbilia huko. Ni mzima, nimekonda, ndevu zimetoka nyeupe. Muuguzi mmoja wa Kijordan amesema leo atampa barua hii abiria wa ndege ya Cairo kule Amman.

Alhamisi ile nilivaa suti yangu tangu alfajiri kwenda kukabidhiwa gari. Nilitoka barabarani nikasikia ngurumo, nikasema mvua Agosti? Mwenzangu wa jiografia ndiye aliyenivuta nyuma kwa koti. Vifaru vya Iraq vilikuwa vinapita njia ninayopitia kwenda kazini. Tulikaa ndani siku mbili, tukila mchele.

Jumamosi ikabishwa hodi. Ni Musaad, mchafu, miwani haina kioo kimoja. Nyuma yake, mbele ya jengo letu, gari jeupe, viti vina nailoni.

"Chukua," akasema. "Dukani wanapakia magari kwenye matrela. Hili nililitoa bandarini Jumatano jioni ili nilioshe, nikalificha kwa shemeji."

"Musaad, umekuja nalo mpaka hapa? Wangekuua!"

"Nimesoma Fatiha nawe, mtu wa treni. Unataka Mungu anivunje shingo kwa gari? Na mazulia yamo, dinari nane nitakudai mpaka Akhera."

Nikakaa chini kwenye ngazi nikacheka, na sikuweza kuacha kucheka mpaka mke wa jirani akaleta maji. Nikamwambia Musaad kama gari ni langu basi na barabara ni yetu sote. Tuliondoka tarehe 20, mimi, Musaad, mkewe na watoto watatu, kupitia Basra na Baghdad. Mke wa Musaad alikaa mbele na mtoto mdogo. Tulilala mara saba barabarani. Kila kizuizi wanalizunguka gari, wanalipiga makofi mgongoni, wanauliza bei yake. Musaad anajibu, "Halijalipiwa bado, mwenye nalo ni mkali," na mara zote wametuacha. Safari moja askari alikaa ndani yake robo saa, akigusagusa redio, bunduki mapajani, sisi tumesimama juani mikono wazi. Kisha akatoka akaenda zake.

Hapa tuko maelfu. Maji yanakuja kwa lori, watu wanapigana. Kila siku wanazika mtu, jana walizika mwalimu. Wanasema wiki hii wataturuhusu kuteremka Aqaba, halafu meli mpaka Nuweiba.

Msalimie Rabab.

Bahgat

*

Zagazig
8 Septemba 1990

Bahgat, mdogo wangu,

Barua hii anakuletea Umm Shukri mwenyewe. Anakwenda Aqaba kumtafuta mwanawe, na ameniapia atasimama kwenye kila mstari na kulitaja jina lako.

Alhamdulillahi u hai. Nimelisema neno hili tangu juzi mpaka Rabab ameniambia nipumzike.

Humu ndani nimeweka barua nyingine. Nilikuandikia Julai, ikarudi. Sijaifungua wala kuibadilisha, isome ilivyo. Ningeiandika mwezi mmoja kabla, ungepanda ndege Julai, na vifaru vingekukuta umeshalala hapa kitandani kwako. Nilikudanganya kwa huruma, huruma ikakuweka jangwani. Mwezi mzima wa Agosti sikujua kama nimekuua. Sasa najua sikukuua, lakini hilo silo jambo la kujisifia.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo.

Awatif

*

Aqaba
Ijumaa, 14 Septemba 1990

Dada Awatif,

Umm Shukri amenipata. Alikuwa anapita katikati ya watu akiita "Bahgat wa Zagazig" kama anauza samaki. Mwanawe amempata pia, yuko salama, bado mnene. Barua zako mbili nimezisoma, ile ya Julai kwanza.

Sasa nisikilize na usinikatize, kama ilivyo kawaida yako. Wewe hukunidanganya. Barua yako ya Juni niliielewa siku ileile. Niliisoma nimesimama nje ya posta, na kabla sijafika mwisho wa ukurasa nilishajua. Nani kwetu hunywesha watu kahawa kwenye posa? Posa ni sharbati. Kahawa chungu ni ya msiba, hata mtoto wa Zagazig anajua. Niliikunja, nikaenda moja kwa moja kwa Musaad, nikagombana naye saa nzima juu ya mazulia ya dinari nane. Kisha nikakaa siku tatu, nikakuandikia hongera.

Fedha ya ndege nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo Mei pia, wakati bado angeniona. Nilisema bei ni wizi. Haikuwa bei, dada. Nilijua ukiniambia nije haraka ni kwa nini, na niliogopa kuingia nyumba ile nikamkuta hivyo. Basi nikashikilia Fatiha ya gari, maana hiyo hakuna Muislamu atakayenilaumu kwa kuiheshimu. Na alipokwisha kwenda, nikaona nikikubali, itabidi nijiulize miaka kumi na minne ilikuwa ya nini na lile gari ni la nani. Kwa hiyo sikukubali. Niliendelea kupatana bei ili nisifike mwisho. Umejilaumu miezi mitatu kwa kosa langu, nami nilikuacha ujilaumu. Hilo ndilo sijui nitaliombaje radhi.

Meli ya magari ina foleni ya siku tisa. Ya watu wa miguu inaondoka kesho usiku. Jumapili nitakuwa Nuweiba, na toka hapo ni basi.

Leo asubuhi alikuja mtu wa Irbid, akalizunguka gari, akafungua milango yote minne. Akaniuliza nataka ngapi. Nilifungua mdomo nikashindwa kutaja bei. Akadhani ni ujanja, akaniuliza tena, nami machozi yakawa yananitoka mbele yake. Musaad akanisogeza pembeni, akamalizana naye yeye mwenyewe. Nilikaa chini ukutani mpaka gari likaondoka. Fedha iko katika bahasha, Musaad ameitia mfukoni mwangu.

Sijamuuliza ameliuza ngapi.

Nduguyo,
Bahgat